Uliza tundu litajazwa nini, kabla hujatia saini

Mwanangu alivunjika mkono kwa kurusha jiwe. Hakuanguka kutoka juu ya mkarafuu wala hakupigana. Alikuwa akipopoa embe hapa Wete, Pemba, mfupa ukakatika chini kidogo ya bega. Eksirei ikaonesha tundu kubwa ndani ya mfupa. Uvimbe wa maji, daktari akasema, si saratani. Mkono ukaunga kwa kufungwa tu, tundu likabaki, na mwaka wa pili ukavunjika palepale. Ndipo tukavuka bahari kwenda Dar es Salaam kupasuliwa, uvimbe ukwanguliwe na tundu lijazwe.

Mie na mama yake tulitia saini tukiwa tumeuliza gharama na siku za kulazwa, basi. Suala lenyewe hatukuliuliza: mkishakwangua, mtajaza nini?

Mwanangu alijaziwa mfupa wake mwenyewe, uliochotwa kwenye nyonga. Una seli hai na mwili hauukatai, kwa hiyo madaktari wengi huupenda. Ila hatukuambiwa kuwa nyonga itauma kuliko mkono. Mkono aliusahau mapema, kuchechemea kukaendelea. Tena nyonga ya mtoto ni ndogo, tundu likiwa kubwa haitoshi.

Upo pia mfupa wa mtu mwingine, mara nyingi wa maiti, uliosafishwa na kuhifadhiwa. Bibi yake aliposikia hayo alipiga astaghfirullah tatu. Mingine hutokana na ng'ombe, hata nguruwe. Kama jambo hili linakukera, uliza asili yake na mwone sheikh wako mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Halafu kuna vya kutengenezwa. Salfeti ya kalsiamu ni ileile jasi ya piopii wanayofungia mkono uliovunjika, na ilianza kujaziwa mifupa tangu 1892. Huyeyuka ndani ya wiki kadhaa, na pengine kidonda hutoa maji. Si lazima yawe usaha, lakini rudi spitali yakaangaliwe. Fosfeti ya kalsiamu, madini yaliyo karibu na ya mfupa wenyewe, hukaa zaidi. Nyingine, nilicheka niliposikia, hutengenezwa kwa matumbawe, kwa kuwa vitundu vyake hufanana na vya mfupa. Nasi miaka yote tunajengea misikiti!

Hakikisha kilichokwanguliwa kinapelekwa maabara. Na uvimbe huu una tabia ya kurudi kwa watoto, kwa hiyo omba tarehe ya eksirei ijayo. Sisi bado tunapanda boti kwa ajili ya picha. Embe, mwanangu sasa anapopoa kwa mkono wa kushoto.