Pikipiki imekunywa maji mtoni: toa plagi kabla ya kugusa stata

SWALI: Nina pikipiki ya porini ya cc 250, injini ya mipigo minne, ya kabureta, yenye rejeta, na ina stata ya umeme pamoja na kiki. Tulikuwa tunavuka kijito, maji yakafika kwenye vikanyagio, ikazima katikati. Katika kuhangaika nayo ikalala ubavu. Nikainyanyua, nikabonyeza stata mara kadhaa, ikazunguka kidogo, ikagota “ko!” na kukataa kabisa. Wenzangu walifungua plagi, maji yakaruka, baadaye ikawaka na nikarudi nayo polepole. Sasa oili ina rangi ya chai ya maziwa na imepanda juu ya alama. Je, injini imekufa? Naweza kuiosha kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya? Na kwa nini ilizima wakati maji hayakufika hata karibu na siti?

JIBU: Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloeleza mengine yote.

Maji yanayofika kwenye vikanyagio kwa kawaida hayafiki kwenye mdomo wa boksi la chujio la hewa, ambao katika pikipiki nyingi za porini uko chini ya siti. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba ilipozima haikuwa imevuta maji. Chungulia chini ya kabureta: utaona mipira myembamba inayoning’inia hadi karibu na bawa la nyuma, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Baadhi yake ni ya kupumulia kikombe cha kabureta, kile cha chini kinachohifadhi petroli. Miisho yake yote ikizama, kikombe hakipati hewa, petroli haishuki inavyotakiwa, na injini inakata kama iliyoishiwa mafuta. Sababu nyingine ya kawaida ni kofia ya plagi iliyolegea au kupasuka: maji yakiipata, cheche inakimbilia kwenye bodi badala ya kuruka kwenye plagi.

Maji yaliingia baadaye. Pikipiki ilipolala, boksi la hewa lilijaa. Ulipobonyeza stata, pistoni ikafanya kazi ya pampu na kuyavuta hadi ndani ya silinda. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Injini ya cc 250 yenye mgandamizo wa 12 kwa 1 hubaki na nafasi ya takriban cc 23 tu pistoni ikiwa imefika juu kabisa, yaani chini ya vijiko vitano vya chai. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda. Hiyo ndiyo “ko!” uliyoisikia. Kila ulipoendelea kubonyeza, maji mengine yalipenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Mengine huenda yalipitia mpira wa kupumulia injini, ambao mara nyingi huishia kwenye boksi hilo hilo la hewa.

Je, imekufa? Huenda ikawa salama, na nafuu yako ni kwamba ilizima kwanza. Stata huzungusha injini polepole, kwa hiyo maji huigotesha bila kuvunja kitu, ingawa gia za stata na klachi yake ndogo ya upande mmoja zinaweza kuumia. Hatari kubwa ni kwa anayeingia majini kwa resi kubwa na injini ikameza maji ikiwa kwenye mzunguko wa maelfu kwa dakika. Hapo mkono wa pistoni hupinda, na ukipinda hakuna dawa ila kufungua injini yote.

Hata hivyo usiamini kwa kuwa tu imewaka. Mkono uliopinda kidogo huendelea kufanya kazi kwa muda, kisha hukatika na kutoboa kasha la injini. Toa plagi, zungusha injini polepole kwa kiki ukitumia mkono. Inatakiwa iende laini mzunguko mzima. Ikiwa kuna sehemu inakaza kisha inalegea, simama. Pima kompresheni kwa geji na ulinganishe na kitabu cha pikipiki yako, maana zenye kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha husoma chini hata zikiwa nzima. Mkono uliopinda ni mfupi, hivyo pistoni haifiki juu na kompresheni hupungua. Mwisho sikiliza: mlio mkavu wa kugonga unaotoka chini ya silinda na kuongezeka unapovuta mafuta ni sababu tosha ya kupeleka kwa fundi na kufungua. Moshi mweupe unaopotea injini ikipata joto ni mvuke wa maji yaliyobaki kwenye eksozi, hauna neno. Wa buluu usiokoma ni oili inayoungua.

Sasa oili. Usiiwashe tena hata dakika moja ikiwa na oili hiyo. Maji yaliyochanganyika hayajengi utando kwenye beringi wala kwenye kemshafti, na kiwango kilichopita alama kinaongeza shinikizo kwenye sili (mipira ya kuzuia kuvuja). Dizeli iache kwenye lori. Ni nyepesi mno kulinda vyuma vinavyosagana, haiyeyushi maji, na kiasi kinachobaki kwenye pembe za injini kitaipunguzia oili mpya uzito. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Kinachosafisha oili chafu ni oili.

Mwaga ya sasa, ikiwezekana usiku kucha, pikipiki ikiwa wima. Kisha ilaze kidogo kulia na kushoto ili kilichojificha kwenye kava la klachi kishuke. Badilisha filta ya oili, maana karatasi yake hushika maji. Kama kuna chujio la wavu, lisafishe. Weka oili ya bei nafuu ya pikipiki, yenye uzito ule ule ulioandikwa kwenye kitabu na alama ya JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake inalowa oili ya injini. Usikimbilie oili ya gari hata kwa kuoshea tu: nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaelea kwenye oili hiyo hiyo, itaanza kuteleza. Pikipiki za aina yako hubeba kati ya lita 1 na lita 1.5, kwa hiyo nunua ya kutosha raundi tatu.

Washa, iache kwenye silensa, yaani ingurume yenyewe tu, dakika tano hivi hadi ishike joto, usivute resi. Zima, mwaga ikiwa bado ya moto. Tazama inavyotoka: raundi ya kwanza bado itakuwa na weupe, ya pili utaona utelezi wa maziwa tu ukingoni mwa chombo, ya tatu kwa kawaida inatoka safi. Ikitoka safi, weka filta nyingine mpya, wosha (pete bapa) mpya ya boliti ya kumwagia na oili nzuri. Boliti hiyo usiikaze kwa hasira. Nyuzi zake ziko kwenye alumini na huchunika kirahisi. Oili ulizomwaga ziweke kwenye dumu zipelekwe panapopokewa oili chafu.

Endesha kwa upole saa moja, kagua. Ukiona weupe umerudi na maji ya rejeta yamepungua, basi tatizo si mto tena. Angalia tundu dogo la kuvujia chini ya pampu ya maji: likidondosha, sili imekwisha. Likiwa kavu, shuku gasketi ya silinda hedi. Weupe mwembamba kwenye kifuniko cha kujazia pekee ni jambo lingine kabisa, ni unyevu wa safari fupi ambazo injini haipati joto.

Wenzako walikusaidia vizuri, ila walikuja hatua moja nyuma ya kidole chako. Pikipiki ikizama, mambo yaende hivi. Zima swichi, ivute ukingoni, funga koki ya mafuta. Usijaribu stata, usipige kiki, na zaidi ya yote usiisukume na kutia gia ili iwake: uzito wa gurudumu la nyuma una nguvu kuliko stata, na unaweza kupinda kile ambacho stata iliacha.

Toa plagi kwanza. Ndipo usimamishe pikipiki kwa gurudumu la nyuma, la mbele likitazama juu, ili maji ya eksozi yatokee mkiani. Watu wengi huipindua miguu juu moja kwa moja, na maji ya eksozi yote yanarudi kwenye silinda. Eksozi ikishakauka, fungua boksi la hewa, toa chujio, futa maji. Betri ikiwa ya tindikali ya kumimina, itoe kabla ya kuinamisha chochote.

Baada ya hapo ingiza gia ya juu kabisa na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, au piga kiki taratibu, plagi ikiwa nje na swichi imezimwa. Maji yataruka kupitia tundu la plagi; kaa pembeni, uso mbali, kwa sababu yanatoka na petroli. Endelea hadi itoke hewa tupu. Kwa injini ya mipigo miwili, hapa ndipo unapoipindua kweli, usukani na siti chini, kwa kuwa maji hukaa pia kwenye chumba cha krenki na hayana njia nyingine ya kutoka. Oili ya gia ya injini hizo iko peke yake, ikague nayo.

Kabureta: legeza skrubu ya chini ya kikombe. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, kwa hiyo yatatangulia. Kinga kwenye kiganja uone. Ukiona vitone vinavyobiringika ndani ya petroli, acha imwagike hadi viishe. Pikipiki ya injeksheni haina kikombe, lakini fungua mpira wa hewa na ukaushe njia yote, kisha soketi za waya.

Chujio la sponji likamue kwa kulibana kati ya viganja. Ukilisokota kama nguo, gundi ya kwenye mshono inaachia na vumbi litapita hapo miezi mingi bila wewe kujua. La karatasi likilowa halipitishi hewa, halina njia ila kukauka. Kurudi bila chujio nakubali kwa mwendo wa mguu, ukiwa peke yako njiani, bila vumbi la mwenzako mbele.

Kabla ya kuwasha, tazama oili. Ikiwa na weupe au imepanda, iache pikipiki isimame wima robo saa au zaidi. Kama injini haikuzungushwa sana, maji bado yako chini yamejitenga: legeza boliti ya kumwagia taratibu, yatoke maji, na ukiona oili tu, kaza. Hilo pekee lingekuokolea nusu ya kazi iliyo mbele yako sasa. Ikikataa kuwaka siku hiyo, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na uzungushe, kwa sababu vyuma vya ndani vinaweza kuanza kuota kutu ndani ya saa chache. Maji ya chumvi hayakupi hata muda huo.

Nyumbani usisahau beringi. Kitovu cha gurudumu kilichopata joto la breki kikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupita sili. Toa ekseli, ingiza kidole: grisi nyeupe maana yake maji yameingia. Kagua pia beringi za usukani na za bawa la nyuma. Breki za ngoma zikaushe kwa kuzibana kidogo ukienda polepole.

Kuhusu safari ijayo, kata mpira mmoja wa kupumulia kabureta, weka kiungo cha herufi T, na tawi moja ulipeleke juu chini ya tangi. Mipira ikizama, kikombe kitapumua kwa juu. Badilisha kofia ya plagi ikiwa na ufa, na paka grisi ya silikoni ndani ya mdomo wake.

Mto usioujua uvuke kwanza kwa miguu, na fimbo. Maji yakipita katikati ya gurudumu kuwa mwangalifu. Yakikaribia siti, tafuta pengine. Pita kwa gia ya kwanza au ya pili, resi ile ile mwanzo hadi mwisho, macho kwenye ukingo unakotokea. Kuingia kwa kasi hupendeza kwenye picha tu, maana wimbi unalolisukuma mbele ndilo linaloruka hadi kwenye boksi la hewa. Ukihisi inaanguka, kidole gumba kiende kwenye kitufe cha kuzimia kabla haijalala. Injini isiyozunguka haivuti maji. Na ukilazimika kuisukuma ndani ya mkondo, simama upande maji yanakotoka, ili ikianguka ianguke mbali nawe.