Maswali ya Wasomaji: Baada ya Kuvuka Mstari wa Mwisho

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni msichana wa Likoni, karani katika kampuni moja ya kupakua shehena. Novemba iliyopita nilibahatika kuwa mmoja wa mabaharia sita wa ridhaa katika yoti iliyoshiriki mbio za ARC, zinazovuka Bahari ya Atlantiki kutoka Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari, hadi kisiwa cha Saint Lucia. Tulikaa baharini siku 21, na vyombo zaidi ya mia moja vilitutangulia kufika. Sasa ni wiki ya pili tangu nirudi nyumbani, na hali yangu siielewi. Nikisimama jikoni sakafu huyumba, lakini nikipanda feri kwenda mjini kizunguzungu hutulia, kisha hunirudia nikishaketi ofisini. Usiku huamka kila baada ya saa tatu nikidhani zamu yangu imefika. Kila anayekuja kunipa pole ya safari huniuliza tulishika nafasi ya ngapi, na nikimjibu hunyamaza. Je, nimeugua, au nimekosa shukrani?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na karibu nyumbani. Hujaugua, wala shukrani hujaikosa. Mwili wako bado uko baharini, na utafika kwa hatua zake.

Nianze na huko kuyumba, maana naona ndiko kunakokutia hofu zaidi. Ndani ya sikio mna kiungo kinachopima mwendo na mizani ya mwili. Kwa siku 21 ubongo wako ulijifunza kutarajia wimbi kila baada ya sekunde chache na kulipinga kabla halijakuangusha. Sasa umesimama kwenye saruji, ubongo unaendelea kulipinga wimbi ambalo halipo, na wewe unahisi sakafu ndiyo inayokwenda. Feri inakutuliza kwa sababu hiyo hiyo, kwani ikianza kwenda ubongo hupata mwendo uliokuwa ukiungoja. Kwa mabaharia wengi hali hii huisha kwa siku moja au mbili, na kwa wachache huchukua wiki kadhaa. Tembea kila siku kando ya bahari, macho yakiwa mbali kwenye upeo badala ya miguuni, wala usijifungie kitandani ukingoja ipite. Ikiwa itavuka mwezi mmoja, au ikiwa masikio yatavuma, kichwa kitauma sana au utaanza kuanguka, nenda umwone daktari wa masikio na umweleze kwamba umetoka katika safari ndefu ya bahari, kwa sababu asipolijua hilo huenda akatafuta ugonjwa mwingine.

Usingizi nao umezoea zamu. Amka saa ile ile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya, pata mwanga wa jua mapema, usinywe kahawa baada ya alasiri, na uache kulala mchana mpaka usiku utengemae. Miguu itakuuma pia ukipanda ngazi, na usishangae: kwa wiki tatu hukutembea zaidi ya urefu wa chombo, huku mikono ikivuta kamba usiku na mchana.

Sasa nije kwenye hilo la nafasi, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Njia uliyopita ina takriban maili 2,700 za bahari, karibu kilomita 5,000, umbali unaozidi ule wa kutoka Mombasa hadi Mumbai. Mababu zetu walipokwenda huko waliondoka na kusi na kurejea na kaskazi. Upepo uliokuvusha wewe huvuma kutoka kaskazini-mashariki kama kaskazi yetu, lakini haugeuki kukurudisha ulikotoka. Chombo kikishaingia katikati ya Atlantiki hakina bandari ya karibu wala njia rahisi ya kurudi nyuma, na kila kinachovunjika hutengenezwa kwa kilichomo ndani, na waliomo ndani.

Nami niliwahi kuipita njia hiyo, miaka mingi nyuma, nikiwa wa ridhaa kama wewe. Alfajiri moja, tukiwa tumebakiza karibu theluthi ya safari, nahodha alinituma nikague jarari, yaani kamba ya kutwekea, ya tanga kubwa. Tulipoishusha kidogo nikaona pale inapopita kwenye kapi la juu ya mlingoti nyuzi za nje zimekatika na kusimama kama makumbi ya nazi, na ndani umebaki uzi usiozidi unene wa kidole changu cha mwisho. Hapakuwa na upepo mkali siku hiyo, wala tufani iliyotupiga. Kamba ilikuwa imelika taratibu, kwa kusugua mahali pamoja usiku na mchana tangu tung'oe nanga. Tulitua tanga, tukaikata ile sehemu mbovu, tukaifunga upya, na saa moja baadaye tukatweka tena. Ingekatika usiku, tanga lote lingeshuka ghafla juu ya watu wa zamu. Tulifika tukiwa karibu na mkia wa msafara, na mpaka leo nikiulizwa nafasi yetu huieleza ile jarari kwanza. Nawe bila shaka una yako, kwa hiyo mgeni akikuuliza msimulie hiyo, na nafasi itajwe mwisho kama bado ataitaka.

Huzuni uliyoikwepa katika barua yako, lakini inayosomeka, ni ya kawaida pia. Baharini ulijua kila saa unatakiwa wapi na nani anakutegemea, na ulipolala kulikuwa na mtu aliyekesha ili wewe ulale. Ofisini hakuna anayekungoja kwa namna hiyo. Wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, tezi ikiwa nyuma ya chombo na omo mbele yake, na ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya jahazi, ni mahali pa giza na maji machafu, lakini kila baharia huteremka humo, kwa kuwa maji yasipotolewa chombo huzama. Wapigie simu wale wenzako watano wiki hii, usingoje mwezi wa pili. Nakuhakikishia kuna zaidi ya mmoja anayeamka kila baada ya saa tatu.

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni nahodha mstaafu wa jahazi, mkazi wa Mji wa Kale. Mpwa wangu anayeishi Australia alishiriki mbio za kutoka Sydney hadi Hobart, na chombo chao kilivuka mstari mapema kabisa, lakini kombe kubwa likapewa chombo kilichofika saa nyingi baadaye. Sisi katika mashindano ya Lamu anayetangulia ndiye mshindi. Hii ni haki gani?

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Majahazi yanayoshindana Lamu hupangwa kwa ukubwa unaokaribiana, ndiyo maana macho yanatosha kuamua. Katika mbio za Sydney hadi Hobart, ambazo zimekuwapo tangu 1945 na zina maili 628 za bahari, chombo cha futi 100 hushindana na kidogo kisichofika nusu ya urefu wake, na chombo chenye mkuku mrefu, yaani uti wake wa chini, hukimbia zaidi hata nahodha akiwa hodari kiasi tu. Kwa hiyo kila chombo hupimwa na kupewa kizidisho, na muda wake wa safari huzidishwa kwa namba hiyo. Tuseme chombo cha kwanza kimetumia saa 48 na kizidisho chake ni 1.5: hesabu yake ni saa 72. Kingine kimetumia saa 60 na kizidisho chake ni 1.1: hesabu yake ni saa 66, na kombe ni lake. Aliyetangulia kuvuka mstari ana heshima yake mbali, nayo hutangazwa. Mpe mpwa wako hongera bila kusita.

SWALI: Kwa Mhariri. Nina miaka 24, nimekulia Tudor na nimeendesha ngalawa tangu utotoni. Je, mtu kama mimi anaweza kujiunga na mbio za kuzunguka dunia?

JIBU: Anaweza, kijana wangu. Mbio za Clipper, zilizoanza 1996, zilibuniwa kwa ajili ya watu wa ridhaa. Kila chombo kina nahodha wa kulipwa, na mabaharia wa ridhaa hulipia nafasi zao, ama kwa safari nzima ya takriban maili 40,000 za bahari, ama kwa sehemu moja tu, na wote hufunzwa kabla ya kuondoka. Mwanzilishi wake, Sir Robin Knox-Johnston, alikuwa mmoja wa wanaume tisa walioingia katika shindano la kuizunguka dunia kila mtu peke yake, mwaka 1968. Wanane hawakumaliza. Yeye alitia nanga Falmouth, Uingereza, tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312 bila kugusa bandari, katika chombo kidogo kilichoundwa Bombay, Mumbai ya leo, na kuitwa Suhaili, jina la Kiarabu la upepo wa kusini-mashariki, ambalo sisi tunalo katika suheli yetu.

Gharama ni kubwa, nami sitakuficha. Ngalawa imekufundisha upepo, lakini bado hujalala baharini usiku kumi mfululizo. Anza kwa kuuliza katika klabu ya mashua pale Liwatoni, ambako wageni wenye yoti hutia nanga, na wengine wao huhitaji mkono wa ziada kwenda Zanzibar au Shelisheli. Nenda asubuhi, na uwe na pasipoti yako.