Volkswagen Beetle ya zamani: anza na mpira wa petroli, oili na hewa, rangi ingoje

Wengi wanaonunua Beetle kwa mara ya kwanza huanza na rangi, rimu na viti. Gari linang'aa, linapigwa picha, kisha ndani ya mwaka injini inakufa au gari linashika moto barabarani. Pesa zilipaswa kwenda kwingine kwanza. Injini ya Beetle haina rejeta. Inapozwa na upepo wa feni na lita 2.5 za oili, basi. Ukilishika hilo, utaona kwa nini mambo mengi yanayosemwa kuwa ni "uzee wa gari" ni joto lililokosa pa kutokea.

Tuanze kabla hujalipa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Beetle utakayoikuta huko ni ile iliyoishi huko huko kwa miongo kadhaa, imenyeshewa na kupita kwa mafundi wengi. Usiangalie bodi kwa macho tu. Inua zulia na kiti cha nyuma, chukua bisibisi, bonyeza sakafu chini ya betri upande wa kulia. Bisibisi ikizama, asidi imekula bati. Kisha pita kwenye yale maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango, yanayopitisha hewa ya hita. Hayo ndiyo mifupa ya bodi. Weka jeki kwenye sehemu yake, inua taratibu huku unatazama pengo la mlango. Pengo likibana au mlango ukigoma kufunguka, maboksi yameoza, na bondo lililopakwa juu halibebi kitu. Kazi ya kuyabadilisha ni ndefu na ya gharama kuliko kufungua injini yote. Injini ya Beetle hushuka kwa boliti na nati nne tu; bodi iliyooza haina njia ya mkato.

Upande wa injini, zima gari, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma kuelekea mbele na nyuma ya gari. Nafasi inayokubalika ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, kiasi ambacho mkono hauhisi sawasawa. Ukisikia "kloku", beringi kuu zimeliwa na huenda hata nyumba yake kwenye kifuko cha injini imelika. Muuzaji atasema ni kawaida. Si kawaida. Punguza bei au ondoka.

Gari likifika nyumbani, kazi ya siku ya kwanza ni mipira ya petroli, yote, hata kama inaonekana mizima. Iko chini ya tangi mbele, nyuma karibu na giaboksi ambako bomba la chuma linatoka, kisha kutoka hapo hadi pampu, na kutoka pampu hadi kabureta. Kunja mpira wa zamani kwa vidole: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, uliponea chupuchupu. Nunua mpira wa petroli wa kipenyo cha ndani milimita 5, mita 2 zinatosha na kubaki, na uweke klipu kila mwisho. Usisahau kakifereji ka shaba kanakoingiza petroli kwenye kabureta na kale ka kwenye pampu. Hutoka vyenyewe vikilegea, petroli ikamwagika juu ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi na kutoa cheche. Vishike uone kama vinacheza. Filta ya petroli pia isikae ndani ya chumba cha injini. Ihamishie chini, karibu na giaboksi. Kifuko cha injini hii kimetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji, maji huuchochea. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae ndani ya kabini, mahali mkono wa dereva unafika.

Moto wa pili hutokea chini ya kiti cha nyuma. Betri ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, abiria wazito wakikaa, springi za kiti hugusa vichwa vya betri na nyuzi za kiti zinaanza kuungua. Funika vichwa vya betri kwa mpira au plastiki ngumu, na ufunge betri isihame.

Sasa oili. Injini hizi, kama hakuna aliyezifanyia marekebisho, hazina filta ya oili ya kubadilisha. Zina chekecheke ya waya chini, imeshikwa na bamba lenye nati sita za spana 10. Mwaga oili ikiwa ya moto, fungua bamba, osha chekecheke kwa mafuta ya taa, weka gasketi mbili mpya na washa sita za shaba, kisha funga. Hapa ndipo wageni wanapoharibu. Zile stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshika bamba) ni nyembamba, na zinataka nguvu ya vidole na spana fupi tu, takriban Nm 7 kwa spana ya kupimia. Ukikaza kama nati ya gurudumu, uzi unang'oka kwenye magnesiamu na sasa una kazi nyingine. Bamba likivuja, badilisha gasketi au linyooshe juu ya kioo bapa, usiongeze nguvu. Weka oili ya madini ya 20W-50, lita 2.5, isizidi alama ya juu. Badilisha kila kilomita 5,000, na kama njia zako ni za vumbi, kila 2,500. Kabla ya kuosha chekecheke, itazame kwenye mwanga wa jua. Unga mwembamba wa kijivu si tatizo. Vipande vinavyometa ambavyo sumaku haivivuti vimetoka kwenye beringi.

Watu watakuuzia vichupa vya kuongeza kwenye petroli kwa sababu siku hizi haina risasi. Beetle haihitaji. Hedi zake ni za alumini na makalio ya vali, yaani pale vali inapokalia ikifunga, ni ya chuma kigumu yaliyopachikwa tangu kiwandani. Pesa hiyo nunulia oili.

Kazi inayotenganisha Beetle inayodumu na inayokufa ni kurekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaosukuma vali) na shina la vali. Ifanye mwenyewe, kila kilomita 5,000, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), spana 13, spana 21 na bisibisi bapa. Injini iwe baridi kabisa, yaani gari limelala usiku kucha. Nafasi ni milimita 0.15, sawa na inchi 0.006, kwa vali zote nane. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema 0.10, bado tumia 0.15: nafasi iliyozidi kidogo hupiga kelele tu, nafasi iliyopungua huunguza vali.

Fungua kifuniko cha distribyuta. Zungusha puli ya jenereta kwa spana 21 kufuata saa hadi rota, kile kipande kinachozunguka ndani, ielekee kwenye kile kialama kilichokatwa ukingoni mwa distribyuta, na alama ya puli kubwa ya chini ikae kwenye mstari ambapo vipande viwili vya kifuko cha injini vinakutana. Pistoni ya silinda ya 1 sasa iko mwisho wa mwendo wake, vali zake mbili zimefungwa. Silinda ya 1 ni ya kulia upande wa mbele ya gari, ya 2 iko nyuma yake. Ya 3 ni ya kushoto mbele, ya 4 kushoto nyuma. Futa uchafu kwanza, kisha shusha ule waya mnene unaoshika kifuniko cha roka.

Kabla ya kulegeza chochote, pima na uandike ulichokikuta. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo yenye habari. Kisha legeza nati ya 13, zungusha skrubu hadi fila geji ipite kwa ukinzani mdogo, kama karatasi unayoivuta chini ya daftari. Shikilia skrubu kwa bisibisi ukikaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati huisogeza. Ukimaliza vali mbili, zungusha hadi puli kubwa ipige nusu mzunguko kinyume cha saa: sasa ni silinda ya 2. Nusu nyingine, ya 3. Nusu nyingine, ya 4. Namba zinakuja kwa mpangilio kwa sababu injini inawaka kwa mfuatano wa 1-4-3-2, nawe unarudi kinyumenyume. Gasketi za vifuniko ziwe mpya; zigandishe upande wa kifuniko tu, upande wa hedi uache mkavu.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Vali ya ekzosi ikikutwa na 0.05 wakati ulipoiacha ilikuwa 0.15, na kilomita 2,000 baadaye imebana tena, usiirekebishe mara ya tatu. Shina lake linarefuka kwa joto au kalio linazama, na kichwa cha vali kitakatika kidondokee kwenye pistoni. Hedi ishuke sasa, ukiwa bado na pistoni. Mara nyingi ni silinda ya 3. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, mbele ya njia ya hewa inayoishukia silinda hiyo, kwa hiyo inapata hewa pungufu na yenye moto. Kuanzia modeli ya 1971 kipoza oili kilihamishiwa kwenye kiboksi chake nyuma ya boksi la feni, na ukipata nafasi ya kufunga boksi la aina hiyo kwenye injini ya zamani, ni pesa nzuri.

Pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) na taimingi (wakati cheche inapotoka) havina mengi. Pengo la pointi ni milimita 0.4, la plagi 0.6 hadi 0.7. Weka pointi kwanza, taimingi baadaye, maana kila ukigusa pointi taimingi inahama. Kwa taimingi fuata namba ya distribyuta uliyonayo, kwa sababu nyingi zimeshabadilishwa na hazilingani na kitabu cha gari.

Rudi kwenye hewa. Feni inasukuma hewa nyingi, lakini inafika kwenye silinda pale tu bati zote zinapokuwepo na matundu yote yamezibwa. Zunguka injini kwa tochi. Ule mpira mrefu unaozunguka kati ya bati za injini na bodi upo? Vifuniko vidogo vya mpira kwenye nyaya za plagi vipo vyote vinne? Kila kilichokosekana ni mlango ambao hewa ya moto kutoka chini, kwenye ekzosi, inapanda na kuingia tena kwenye feni. Bati ndogo zilizo chini ya silinda nazo hutupwa na mafundi wasiojua kazi yake. Zinaibana hewa ipite kwenye mapezi ya silinda, yale mabapa membamba yanayotoa joto. Oili inayovuja ikichanganyika na vumbi huwa tope linaloziba mapezi hayo, kwa hiyo uvujaji mdogo wa oili kwenye Beetle ni tatizo la joto pia. Gari lililokaa uani muda mrefu lifunguliwe boksi la feni kabla ya kuwashwa: panya hupapenda sana.

Mkanda wa feni ndio unaozungusha jenereta na feni kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, zima injini na usimame hapo hapo. Usijiambie utafika mji unaofuata kwa betri. Betri ingekufikisha, ila huna feni. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati uende ndani kama milimita 15. Kuukaza kunafanywa kwa washa nyembamba zilizo katikati ya nusu mbili za puli ya jenereta: toa moja ndani, iweke nje chini ya nati, usiitupe. Beba mkanda wa akiba, spana 21 na bisibisi nene ya kuzuia puli.

Breki: badilisha maji yake kila miaka 2, na acha nafasi ya milimita 1 kati ya fito ya pedali na pistoni ya mastasilinda. Bila nafasi hiyo, maji yakipata joto breki hujifunga zenyewe. Mpira wa breki uliovimba ndani nao hushika gurudumu moja hata baada ya kuachia pedali, ingawa kwa nje ni mzuri.

Fundi wa pancha ataweka psi 32 magurudumu yote. Mkatalie. Injini iko nyuma, na mbele ni pepesi: kwa tairi za radial weka 18 mbele na 27 nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayozuia mkia kutangulia kwenye kona ya mvua.

Na ukishafika barabarani, endesha kwa kufuata feni. Feni inazunguka kadiri injini inavyozunguka. Ukipanda Kitonga au Mai Mahiu kwa gia ya nne huku injini inanguruma kwa shida, mguu umeshindilia mafuta, umeongeza moto na kupunguza upepo kwa wakati mmoja. Shuka gia ya tatu mapema, ya pili ikibidi, injini iimbe na mguu uwe mwepesi. Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 zikiwa na nguvu ndogo, kwenye tope na vumbi. Juu ya mlima, taa ya oili ikianza kupepesa ukiwa kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, oili imekuwa nyepesi kwa joto; simama kivulini, iache iungurume taratibu dakika moja au mbili feni ifanye kazi yake, ndipo uzime. Fungua boneti ya nyuma, sikiliza bati zinavyotikatika zikipoa, na upitishe mkono juu ya ile mipira ya petroli uliyoifunga.