Jibu: DAP mifuko miwili kwa eka, mahindi bado zambarau

Mkuu, umeuliza kwa nini majani ya mahindi bado ni zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, wakati umeweka mifuko miwili ya DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi). Usinunue mfuko wa tatu. Umesema uko Njombe, udongo mwekundu, pH 4.9 (yaani una asidi kali), na mbolea unaimwaga shamba zima kabla ya kulima. Hapo ndipo inapopotelea. Udongo wa namna hiyo umejaa chuma na alumini, na fosforasi ikigusana navyo hunaswa, mmea hauipati. Ukiisambaza ndo unaipeleka yote ikanaswe!

Weka kwenye shimo. Kisoda kimoja cha DAP, fukia na udongo wa vidole viwili, halafu mbegu juu yake. Usiruke huo udongo wa katikati, mbegu itaungua. Mimi mwaka wa kwanza niliharakisha, nikarudishia mbegu nusu shamba. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mifuko yako miwili inatosha eka na chenji inabaki.

Ila kwa pH hiyo shimo peke yake halitoshi. Chokaa ya kilimo ichanganywe na udongo wa juu wiki kadhaa kabla ya kupanda, kiasi kitokane na vipimo vyako. Samadi iliyooza nayo inasaidia sana, konzi moja kila shimo.

Kuhusu mbolea ya Minjingu uliyouliza: ile ya unga wa mwamba wenye fosforasi inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi kama wako, ila taratibu. Usiiweke pamoja na chokaa, utaizuia kuyeyuka. Hiyo kweli unaweza kuisambaza.

Mizizi ya hayo mahindi umeing'oa ukaiangalia?