Umeme wa mabaki ya chakula: volti zipo, taa haiwaki

SWALI: Nimeunda seli ya bakteria (chombo ambamo bakteria huzalisha umeme) kwa mabaki ya chakula yaliyosagwa, tope la bwawani na vipande viwili vya kitambaa cha kaboni. Wiki ya tatu mita ilisoma volti 0.6, ila taa ya LED haikuwaka. Nikaongeza chakula kingi. Siku nne baadaye volti zikashuka hadi 0.1 na chupa inanuka uchachu. Tatizo ni nini?

JIBU: Umeilisha kupita kiasi. Bakteria wachachushaji hugeuza wanga kuwa asidi upesi kuliko wale watoa elektroni, kama Geobacter, wanavyoweza kuila asidi hiyo. pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati) ikishuka chini ya 6, watoa elektroni huzorota. Mwaga nusu ya maji bila kugusa utando ulioota kwenye anodi, yaani kitambaa kilicho ndani ya tope. Huo ndio mtambo wenyewe. Jaza maji yasiyo na klorini yenye gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu kwa lita, ngoja pH ikaribie 7, ndipo ulishe gramu 10 tu za mabaki kwa lita. Yenye mafuta usitie, huziba anodi. Lisha tena volti zinapoanza kushuka zenyewe.

Sasa taa. Ile 0.6 ni volti ya seli isiyo na mzigo, kwani mita haivuti mkondo wa maana. Funga rezista ya omu 1,000 kati ya anodi na kathodi (kitambaa cha upande wa hewa), kisha pima. Ukipata volti 0.3, mkondo ni miliampia 0.3 na nguvu ni miliwati 0.09. LED nyekundu huhitaji takriban volti 1.8, na miliwati kadhaa ili ing'ae vizuri. Basi umeme huu ni wa kuweka akiba: saketi ya kupandisha volti, inayoanza kazi chini ya volti 0.3, ijaze kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi chaji), na taa imweke kila inapojaa.

Kagua pia kathodi: upande mmoja lazima uguse hewa, ikizama hukosa oksijeni. Waya wa shaba usiingie majini kabisa. Huliwa na kutu, hudhuru bakteria, na hukupa volti ambazo si za bakteria.

SWALI: Nikiunganisha chupa nne mfululizo, nitapata volti za kutosha?

JIBU: Kwa muda mfupi, pengine. Chupa moja ikiishiwa chakula, zile tatu huisukuma hadi volti yake igeuke kinyume, na utando wa anodi huharibika. Ziunganishe sambamba (anodi zote pamoja, kathodi zote pamoja), halafu upandishe volti kwa saketi ile ile.