Ukibadilisha Injini, Zikumbuke na Springi za Mbele

Juma lililopita kijana mmoja wa Arua aliniandikia kwamba ameng'oa injini ya petroli katika Corona yake ya miaka ya tisini na kufunga 2C ya dizeli, na sasa pua ya gari imeinama kiasi kwamba kila tuta linamkwaruza tumboni. Alimalizia kwa swali: "Mzee, niweke raba tu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu niliwahi kuuliza swali hilo hilo, na jibu nililopewa lilinigharimu sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Gari langu ni Corona pia, AT190, lililotoka kiwandani na injini ya petroli ya 4A-FE. Nilipofunga 2C nilifikiria kila kitu, tangu mauntingi hadi rejeta, isipokuwa uzito wake, unaozidi ule wa petroli. Fundi wangu, ambaye simtaji, alipachika vipande vya raba katikati ya koili za springi za mbele, akaipiga boneti kofi moja, akasema gari limesimama. Lilisimama kweli, kwa wiki tatu. Raba huziba koili inazoshika, mzigo ukabaki kwa chache zilizo huru, na kipande cha upande wa kushoto kilichomoka safarini kuelekea Jinja, ndani ya msitu wa Mabira. Shimo lililofuata lilikuwa na jiwe. Nilikaa kando ya barabara nikitazama oili yangu ikinywewa na vumbi, huku malori ya miwa yakinipita. Nilipomrudia, fundi alisema siendeshi kwa adabu. Maneno hayo bado yananichoma.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaopenda magari haya ya zamani kama mimi. Springi hufuata injini, si bodi. Ukifika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukasema "Corona" tu, utapewa za petroli. Taja CT190, yaani bodi ile ile iliyotoka kiwandani ikiwa na 2C, kisha upime unene wa waya kwa kalipa, wala usiridhike na macho. Koili zikilingana kwa idadi na upana, waya wa milimita 13 ni mgumu kuliko wa milimita 12 kwa zaidi ya theluthi moja. Tofauti hiyo jicho halioni, lakini gari huiona. Nunua jozi, na usikubali kamwe moja mpya na moja kuukuu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, ila pana mahali pamoja ambapo sitanii. Nati ya katikati juu ya shokamzoba isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana, maana springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja taya. Nati tatu za pembeni ndizo zinazoachia shokamzoba kwa juu. Ile ya katikati ni ya baadaye. Wakati wa kurudisha, ncha ya koili ikae kwenye kidato chake katika sahani ya chini, la sivyo utasikia mlio kila ukikata kona. Baadaye peleka gari likapangwe magurudumu.

Kijana wa Arua, toa raba hizo hata kabla ya kununua chochote. Kisha simamisha gari pasipo mteremko, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, uniandikie sentimita.