"Baada ya saa sita": muda au adhuhuri?

Swali: Katika ripoti ya jaribio la kutengeneza biodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya wanyama) niliandika, "Glisiroli ilitenganishwa baada ya saa sita." Glisiroli ni kimiminika kizito kinachotokea pamoja na biodizeli. Mwalimu amepiga mistari miwili myekundu: chini ya "ilitenganishwa" na chini ya "baada ya saa sita". Nimekosea wapi?

Jibu: Kisarufi hujakosea popote. Tatizo ni kwamba anayesoma hawezi kujua ulipima nini.

Nianze na saa. "Baada ya saa sita" ni muda wa saa sita ukishapita, na pia ni jua likishavuka utosi. Aliyeacha kukoroga saa nne asubuhi akakuta matabaka mawili saa saba mchana anaweza kuandika maneno yayo hayo, ilhali amesubiri saa tatu tu. Wengi hukimbilia "masaa sita" ili kuutofautisha muda na saa ya ukutani. Katika mazungumzo sina ugomvi nao, lakini kwa Kiswahili sanifu umoja ni saa na wingi ni saa. Ongeza tu "muda wa", kisha useme ulianza kuhesabu lini.

Kitenzi nacho. "Tenganishwa" ina mtendaji aliyejificha: kuna mtu alifungua koki ya chini ya chombo akaitoa glisiroli. "Tengana" ni vitu vyenyewe kuachana. Sentimita moja ya ujazo ya glisiroli ina gramu 1.26 hivi, ya biodizeli 0.88 hivi, kwa hiyo glisiroli hushuka bila kusukumwa na mtu. Ulichopima ni kusubiri, basi andika "ilitengana". "Ilituama chini" pia ni Kiswahili kizuri, labda kizuri zaidi. Ila usiiite mashapo. Hayo ni machicha na chembe, na hiki ni kimiminika.

Hata hivyo, "ilitengana" peke yake haisemi kama ilianza au ilimaliza. Itazame silinda ya kupimia: matone ya kahawia huanza kushuka mapema, tabaka la chini likazidi kunenepa, ukaja wakati mpaka wake unagoma kusogea. Wakati huo ndio unaoupima, kwa hiyo utaje:

"Mpaka kati ya glisiroli na biodizeli uliacha kusogea baada ya muda wa saa sita tangu tulipoacha kukoroga."